Daftari la siki

Magara, Burundi, Jumapili, 1 Septemba 2024

Umutobe, juisi ya ndizi, umeshuka leo kutoka vilima vya Mumirwa, umebebwa kichwani ndani ya vidumu vya njano tangu alfajiri. Mafuta ya gari hayapatikani, na mwenye nayo hapakii vidumu vya watu. Mama anayeniletea ni mpika pombe. Ndizi zake huzifukia shimoni mpaka ziive, akazimenya, akazikanda kwa nyasi hadi juisi itoke. Akitaka urwarwa, pombe ya ndizi, hutia unga wa mtama uliokaangwa. Mimi naitaka kabla ya mtama, naye kila mara hunicheka: "Mama, unanunua pombe haijazaliwa ili ukaiue!"

Nimeuchuja mara mbili kwa kitambaa, nikaumimina mtungini. Mtungi wa udongo, si sufuria. Siki hula alumini na bati, na ilichokula ndicho utakachokuja kunywa. Mdomo nimeufunga kwa kipande cha khanga kuukuu: hewa ipite, nzi wasipite. Umewekwa kivulini nyuma ya jiko. Iliyobaki ni kazi ya joto la tambarare yetu ya Imbo.

Kazi hii nimeitoa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi wangu walikimbia Rumonge wakati wa mauaji ya mwaka 1972, sisi tukazaliwa huko Tabora, na jirani yetu alikuwa bibi mmoja mwenyeji wa mjini aliyetengeneza siki ya asali. Tabora asali ni kama ndagala wa Ziwa Tanganyika hapa kwetu, kila nyumba unaikuta. Yeye aliosha mizinga na masega yaliyokwisha kukamuliwa, maji yake yenye utamu akayaacha yachachuke. Hakutupa kitu. Tuliporudi Burundi asali ikawa ghali, nikahamia kwenye ndizi.

Jumatano, 11 Septemba

Mtungi unanuka pombe tupu. Ukiinama juu yake macho yanawasha. Povu limetulia.

Watu hudhani siki ni pombe iliyoharibika. Ni hatua ya pili ya safari ileile. Kwanza chachu inakula sukari na kuacha pombe, na hiyo haihitaji hewa. Kisha wanakuja vijidudu wengine, hao lazima wapumue, wanaishika pombe na kuifanya asidi. Pasteur wa Ufaransa ndiye aliyewafuatilia kwa darubini miaka ya 1860, lakini bibi wa Tabora, bila darubini, alijua kwamba mtungi uliozibwa kwa udongo haupati ukali. Ndiyo maana mtungi wangu umefungwa kwa khanga.

Ijumaa, 13 Septemba

Maalim amepita baada ya swala, harufu ikamlaki uani. Akaketi, akanywa chai, ndipo akauliza.

Sisi ni wa madhehebu ya Shafii, kama watu wa pwani. Kilevi kikigeuka siki chenyewe kimetoharika, na chombo chake pamoja nacho. Kikitiwa kitu ili kigeuke, chumvi, kitunguu, mkate wa moto, hakitohariki, kwa sababu kile kilichotiwa kimeshanajisika na kinabaki mle mle. Kukihamisha kutoka juani kwenda kivulini hakudhuru, ndiyo kauli yenye nguvu. Wahanafi wana nafasi kubwa zaidi hapo. Na siki yenyewe haina ubishi, Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa kitoweo chema.

Kwa hiyo swali lake lilikuwa moja tu: "Hayo majani unayoloweka kwenye siki, bibie, unayatia lini?"

Nikamjibu: mwisho kabisa, pombe ikishakwisha.

Akaridhika. Nikamwongezea kwamba hata asiye na dini angefuata utaratibu huohuo. Jani bichi lina maji yake na vijidudu vyake. Ukilitumbukiza kabla ukali haujapanda, ukungu unapata chakula na wewe unapata mtungi wa kumwaga. Akasema hiyo ni hekima ya Mwenyezi Mungu. Nami nimefurahi kwamba fikihi na mtungi wangu havigombani.

Jumanne, 17 Septemba

Mwezi mpevu. Wavuvi hawakutoka, taa za kuvutia ndagala hazina kazi ziwa likiwa jeupe hivi. Ndagala hakuna sokoni, mukeke wawili watatu tu kwa bei ya mbuzi. Tumekula maharage kwa siki ya mwaka jana na pilipili.

Jumatatu, 30 Septemba

Utando umeota juu, mweupe, unateleza kama ngozi ya maziwa. Wageni wakiuona wanasema imeoza. Huo ndio wenye kazi wenyewe, wamejisukia mkeka wakae karibu na hewa. Siutingishi. Nimechovya kijiti pembeni: ukali upo, utamu umekwisha, pombe bado inasikika nyuma ya ulimi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mtoto wa jirani wa ufukweni ameletwa, ana miaka saba hivi, analia sikio. Kutwa wanaogelea. Mama yake alikuja na kikombe kabisa: "Nitilie ile ya majani ya umuravumba, nimdondoshee."

Nimemvuta mtoto ncha ya sikio, akaruka. Maumivu ya kuvuta hivyo mara nyingi ni ya njia ya nje, ile inayolowa maji ya ziwa na kubaki na unyevu. Kwa ugonjwa huo siki si porojo. Asidi ya asetiki ya asilimia 2 ni dawa ya sikio inayojulikana hospitalini, vijidudu na fangasi wa pale hawaipendi. Lakini ipo hatari moja. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, ukimimina kitu chochote unakipeleka ndani kwenyewe, na mimi sina taa ya kutazamia. Majani ndiyo kabisa: chembe moja ikibaki mle ni ugonjwa mpya.

Nikamwambia aende kituo cha afya kwanza. Akakunja uso, akaenda. Jioni amerudi: muuguzi ametazama, ngoma ni nzima, ameruhusu siki nyeupe ya dukani, nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa yakapoa, matone machache. Wakainunua dukani, si kwangu. Sawa kabisa. Yangu haijachujwa kiasi cha kuingia sikioni mwa mtoto.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwana wa dada yangu amekuja kutoka Rumonge, anafundisha kemia huko. Nimemwambia shida yangu ya kila mwaka: siki nimeionja, najua ni kali, lakini kali kiasi gani? Ya dukani imeandikwa asilimia 5. Yangu haina maandishi.

"Mama mdogo, tuipime," akasema, kana kwamba ni nguo.

Ameloweka rozela kavu katika maji moto, ikatoa rangi ya damu. Akayeyusha bikaboneti, ile ya maandazi, katika glasi ya maji. Akachukua bomba la sindano bila sindano. Katika kikombe cheupe akatia kijiko kimoja cha chai cha siki ya dukani na matone ya rozela: nyekundu ikazidi kuwa nyekundu. Kisha akaanza kudondosha bikaboneti polepole. Kila tone linatoa povu, fyuu, na mahali lilipoangukia panakuwa zambarau, ukikoroga panarudi pekundu. Zambarau inazidi kung'ang'ania. Ghafla nyekundu ikashindwa, kikombe kizima kikawa rangi ya wino uliochujuka. Akasoma bomba: mililita 7.

Yangu ikageuka kwenye 5 na nusu.

Hesabu ni ya sokoni: ikiwa 7 ni asilimia 5, basi 5 na nusu ni karibu asilimia 4. Kwa kachumbari inatosha. Kwa kulowekea mizizi na majani mabichi, hasa kitunguu saumu kinachotoka udongoni, nataka zaidi. Tumekubaliana mtungi ukae.

Nimeosha kikombe mwenyewe. Rangi ya rozela haitoki kirahisi kwenye udongo mweupe.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimepima peke yangu. 6 na nusu. Pombe haisikiki hata nikiivuta puani kwa muda mrefu.

Jumapili, 27 Oktoba

Siku ya majani. Nimeichuja siki na kuuondoa utando.

Chupa ni za Primus na Amstel, hapa Burundi ndizo zilizoko. Nimezichemsha na maji ya sabuni na kuzisuuza mpaka zisitoe harufu yoyote. Vizibo vya bati nimevitupa, nimekata magunzi ya mahindi na kuyavalisha plastiki safi.

Fungu la kwanza ni la jikoni: kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi kwa maganda yake baada ya kusuguliwa, pilipili mbuzi mbili kila chupa, na mchaichai uliokatwa vipande virefu ili ukae wima. Majani nimeyaacha tangu jana yanyauke uani. Jani likipoteza maji yake kwanza, haliji kuipunguzia siki nguvu. Kila kitu lazima kizame. Kinachoelea juu ndicho kinachoota ukungu.

Fungu la pili ni umuravumba peke yake. Harufu yake unaijua hata gizani, nzito, kama kafuri na majani mabichi pamoja. Huku kwetu na Rwanda ni dawa ya kifua, ya tumbo, ya homa, ya kila kitu ukiwauliza wazee. Watafiti wa Butare, Rwanda, miaka ya 1980 walitoa kwenye majani yake kitu kinachozuia bakteria na fangasi. Nilifurahi sana niliposikia habari hiyo mara ya kwanza, halafu nikafikiri: kilizuia katika sahani ya maabara. Sahani haina ini wala figo. Kwa hiyo umuravumba wangu ni wa kusukutua koo kwa maji ya vuguvugu na wa kupaka katikati ya vidole vya miguu kwa wavuvi wanaoshinda majini. Haunywewi, na mjamzito simpi hata wa kusukutua.

Wiki mbili mahali penye giza, kutikisa kila asubuhi, kisha kuchuja.

Jumanne, 29 Oktoba

Amekuja mama kutoka mlimani, kijana wake ana vipele vyenye maji usoni na mikononi, na homa. Alitaka siki ya kumwogesha. Sikumkaribisha ndani na nilijisikia vibaya kwa hilo, lakini mpox imethibitishwa nchini tangu 25 Julai, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura 14 Agosti. Huenda ni tetekuwanga. Huenda siyo. Siki juu ya kidonda kibichi inaunguza tu, na wakati unaogesha mtoto unajipaka wewe. Nimempa sabuni na nauli ya pikipiki hadi kituo cha afya, nikamwambia asimfunike kwa shuka moja na wadogo zake.

Mchana tena, mwingine, na fungu la artemisia mkononi: nimlowekee kwenye siki, awe anakunywa dhidi ya malaria. Huyu nimemkatalia bila kuzunguka. Mmea huo una nguvu kweli, dawa tunazopewa kituoni zimetokana nao. Ndiyo sababu haifai kuuchezea. Katika chupa yangu hakuna anayejua kipimo kimetoka kiasi gani. Kikitoka kidogo, vimelea vinabaki hai, mgonjwa anaamini amepona, na dawa yenyewe tunaiharibu kwa sote. Mwaka 2017 malaria ilitangazwa kuwa janga nchi hii. Sitaki kuwa na mkono katika lijalo.

Aliondoka akinung'unika kwamba nina roho ya kizungu.

Jumatano, 6 Novemba

Mzee mwenye sukari, yule mwenye michikichi karibu na barabara. Ameletewa habari na mwanawe aliyeko Ulaya kwamba siki inateremsha sukari. Safari hii habari si ya uongo. Mwaka 2004 Carol Johnston na wenzake wa Arizona State, Marekani, walichapisha kwamba gramu 20 za siki kabla ya mlo wa wanga zilipunguza kupanda kwa sukari baada ya kula. Nilimwambia hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mzee ukimficha nusu ya kweli atajua.

"Basi vidonge nivipumzishe, mwanangu?"

Hapo ndipo kila safari ya siki inapofika, mtu akipewa kijiko anataka kukalia kiti cha daktari. Nikamweleza: siki inachelewesha ule wanga wa sahani moja. Vidonge vinashughulika na mwili mzima, usiku na mchana. Aitie kwenye kachumbari, ale na ugali mdogo, vidonge avimeze kama alivyoandikiwa, na akienda kupima amwambie daktari kwamba anatumia. Asiinywe kavu pia, inakula meno, na yake yamebaki ya kuhesabu.

Nikamsimulia habari ya meli ya Salisbury, maana anapenda habari za meli. Mei 1747 daktari wa Kiskoti, James Lind, alichukua mabaharia 12 waliooza fizi kwa kiseyeye, akawagawa wawili wawili. Jozi moja ilipewa siki, vijiko viwili mara tatu kwa siku. Jozi nyingine machungwa na malimau. Wa machungwa walisimama ndani ya siku chache, mmoja akarudi kazini. Wa siki walibaki na siki yao. Ukali ulikuwa uleule mdomoni, lakini kilichokosekana mwilini hakikuwa ukali.

Mzee akasema: "Kumbe walijaribu zamani." Akanunua chupa moja. Nimeona nimemwamini.

Jumanne, 12 Novemba

Nimechuja fungu la jikoni. Limetoka rangi ya dhahabu chafu, saumu imekuwa ya kijani kidogo pembeni, jambo linalotisha watu bure. Ni asidi na saumu wanavyosalimiana.

Mvua zimeshika. Mifereji inashusha kila kitu ziwani, na bomba likikauka watu wanachota pale pale. Kila mvua kama hizi naikumbuka Januari 2023, wizara ilipotangaza kipindupindu tarehe 1, mwaka mpya haujatimiza siku. Watu walikuja kwangu wakitaka siki ya kunywa. Nililotaka waelewe wakati ule, na sikupata maneno, nimelipata baadaye katika habari ya Guinea-Bissau. Miaka ya 1990 walipokuwa na kipindupindu, watafiti walikuta kwamba waliokamulia ndimu kwenye mchuzi wa wali waliugua kwa uchache kuliko wasiotia. Kijidudu kile hakivumilii ukali. Lakini angalia ulikuwa wapi huo ukali: kwenye chakula, kabla hakijamezwa. Mtu akishaanza kuhara maji ya mchele, chupa nzima ya siki haimsaidii kitu. Huyo anataka maji: lita moja safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, anywe njiani huku anapelekwa.

Kwa hiyo chupa zangu nazipeleka zinakofaa. Juu ya kachumbari. Juu ya ndagala waliolala tangu asubuhi. Ndani ya maji ya kuoshea lengalenga za bondeni, ingawa hata hapo kupika ndiko kunakomaliza kazi. Nikisema hivi wateja wanaona nimeshusha thamani ya bidhaa yangu. Hawajui nimelala usingizi mzuri kiasi gani tangu nilipoacha kuuza siki ya homa.

Jumapili, 17 Novemba

Mfanyabiashara amekuja kutoka Bujumbura, amepanda gari la mkaa. Ameonja, amekohoa, amependa. Anataka chupa zote na nyingine Desemba. Bei yake ni nzuri, karibu mara mbili ya yangu. Sharti ni karatasi ya kubandika, ameshaichapa, akaitoa kwenye bahasha: Presha, Sukari, Malaria, Vidonda vya Tumbo, Nguvu za Kiume. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, siki.

Vidonda vya tumbo, Subhanallah! Asidi juu ya kidonda.

Nilimuuliza kama amesahau Loliondo. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya kilomita nyingi Samunge kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, wengine wakaacha dawa zao za ukimwi na kifua kikuu nyumbani. Akasema ile ilikuwa Tanzania. Mwana wa dada yangu akadakia kwamba hapa ukibandika maneno ya dawa umejiingiza kwa ABREMA, wasimamizi wa dawa, na ukibandika siki ni chakula, nenda BBN, ofisi ya viwango, ukapimwe. Mfanyabiashara akasema ABREMA hawaji mtaani Buyenzi kusoma chupa. Huenda ni kweli. Nimemrudishia bahasha yake.

Mwana huyo wa dada yangu ameniandikia karatasi zangu kwa mkono, ana mwandiko mzuri: Siki ya ndizi, saumu, tangawizi, mchaichai, pilipili. Ichanganye na maji au chakula. Imechujwa 12.11.2024. Za umuravumba ameandika Si ya kunywa, kwa Kiswahili na Kirundi, akapiga mstari chini.

Jioni nimeshuka sokoni kwa mama mkaanga ndagala wa pale barabarani. Amemimina kidogo kwenye sahani, akachovya ndagala mmoja, akatafuna na kichwa chake. Anasema pilipili haitoshi, wateja wake ni madereva. Atachukua chupa zote za jikoni kwa bei yangu ya kawaida, atalipa nusu leo, nusu giza likirudi ziwani, maana mwezi umepevuka juzi na samaki hakuna. Tumekubaliana niongeze pilipili mbuzi nne kila chupa, nizisubirishe wiki moja, na chupa tupu anirudishie, asije akawapa wanywaji wakazipeleka baa.